Kwa Nini Udongo Ulianguka?

Siku moja ya mvua nyingi waliletwa hospitalini kwetu wanaume wawili waliokuwa wakifanya kazi ya barabara ya komine. Mmoja alikuwa amekwisha kufa. Mwenzake alibebwa juu ya mlango wa nyumba, maana machela haikuwako, na miguu yake yote miwili ilikuwa imevimba kama magogo. Walikuwa wakichimba changarawe chini ya ukingo mrefu wa udongo, na ukingo ukawaangukia. Watu wakachimba kwa mikono muda wa saa tatu mpaka kumtoa yule aliyekuwa hai.

Usiku mkojo wake ukawa mweusi kama chai kali. Ndugu zake wakaogopa sana, wakasema amepewa sumu. Lakini haikuwa sumu ya mtu. Nyama ya mwili ikikandamizwa muda mrefu hufa, na uchafu wake huingia katika damu na kuharibu mafigo. Munganga Bywaters aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1941, baada ya kuwatunza watu wa London waliofunikwa na nyumba zilizobomolewa na mabomu. Kwa sababu hiyo mtu aliyefukuliwa apelekwe hospitali upesi, hata kama anasema vizuri na kuomba chakula. Huyu wetu tulimtilia maji mengi katika mshipa, tukampiga sindano ya kuzuia tetanosi, naye akapona. Mguu mmoja tu haukurudi kuwa kama zamani.

Sasa sikilizeni maneno yaliyosemwa uani mwa hospitali, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Kapita wa kazi alisema, "Hawa walikuwa wazembe. Mimi niliwaambia waangalie." Shangazi wa marehemu alisema kuna jirani aliyemwonea wivu kwa ajili ya mshahara wake wa Leta, akataja jina la jirani huyo mbele ya watu wote. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Mungu amependa hivi, tunyamaze." Wote watatu walikuwa na huzuni ya kweli, sitaki kuwacheka. Lakini kila jibu lilifunga mlango. Yule jirani aliwachukua watoto wake akakimbia kabla ya maziko. Na kesho yake asubuhi, nilipouliza, niliambiwa kwamba watu kumi na wanne wamekwisha kuingia chini ya ukingo uleule na sululu zao.

Katibu wa komine, kijana mtulivu, alikuja kuchukua karatasi ya munganga. Nikamwuliza, "Je, umekwenda kuona mahali penyewe?" Alikuwa hajaenda. Akaenda siku ileile, akasimamisha kazi, akachukua kamba ya kupimia na daftari. Mambo aliyoyapata nayaandika hapa kwa ruhusa yake.

Kwa nini udongo ulianguka? Mvua ilinyesha siku mbili, na udongo uliolowa ni mzito. Udongo wa meta moja kila upande ni kilo 1500 au zaidi. Ni kama kuangukiwa na ng'ombe wanne pamoja. Vema, lakini mvua hunyesha kila mwaka. Kwa nini ukingo ule na siku ile? Kwa sababu ulikuwa umechimbwa chini kuingia ndani, kama kinywa kilicho wazi, na juu ulibaki bila kitu cha kuushika. Kwa nini walichimba hivyo? Kwa sababu changarawe nzuri iko chini, na juu ni udongo mtupu. Kuondoa ule wa juu kwanza ni kazi ya siku mbili. Na kwa nini hawakufanya kazi ile ya siku mbili? Kwa sababu haikuhesabiwa. Kila mtu alitakiwa kujaza toroli kumi na mbili za changarawe kabla ya kwenda kwake, na toroli ya udongo mtupu haikuandikwa popote.

Nani aliweka hesabu hiyo ya toroli? Komine yenyewe. Hapo yule kijana aliniambia kwamba kalamu ilimwia nzito mkononi. Alikwenda shimoni kutafuta kosa la mchimbaji, na njia ikamrudisha mpaka meza ya ofisi yake.

Alipata na jambo lingine. Wiki moja kabla ya msiba, mawe yalikuwa yameanguka mahali palepale na kuvunja mkono wa toroli. Mtu aliyekuwa akiisukuma aliruka, watu wakacheka, kazi ikaendelea. Hakuna aliyeandika, maana hakuna aliyeumia. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, Heinrich, mtu wa kampuni ya bima, aliandika kwamba kwa kila ajali moja kubwa hutangulia ndogo 29, na nyingine 300 zisizomwumiza mtu. Wenye elimu wengine wameshindana naye juu ya hesabu hizo, na mimi pia sizishiki sana. Lakini kila muuguzi anajua kwamba homa ndogo huja mbele ya homa kubwa.

Msifikiri kwamba mambo haya ni ya komine maskini tu. Mji wa Memphis, katika Marekani, ni mji mkubwa wenye mali. Tarehe 1 Februari 1968 mvua kubwa ilinyesha huko, nao watu wa mji waliozoa takataka walikuwa kazini. Walikuwa watu weusi, na hawakuwa na ruhusa ya kujikinga mvua kwenye nyumba za mitaa ya wazungu. Nafasi ya mbele ya kamio ilijaa. Basi wawili, Echol Cole na Robert Walker, wakaingia nyuma, pale takataka zinaposhindiliwa. Mashine ya kushindilia ikaanza kwenda yenyewe, ikawavuta ndani, wakafa.

Wenzao walikuwa wamekwisha kuomba mara nyingi kwamba makamio yale ya zamani yaondolewe. Tena mwaka 1964 watu wawili wa kazi hiyohiyo walikuwa wamekufa kwa kamio la mji. Mji ulizika watu na kuliacha kamio barabarani. Hii ndiyo sehemu inayoniuma zaidi: wale wa 1968 walikuwa na miaka minne ya kuokolewa.

Jamaa zao hawakuwa na bima ya kazi. Walipewa mshahara wa mwezi mmoja na dolari 500 kwa maziko. Tarehe 12 Februari watu 1300 hivi waliacha kazi, na takataka zikajaa mitaani. Mchungaji Martin Luther King akaja kuwasaidia, na huko Memphis akapigwa risasi tarehe 4 Aprili. Mapatano yalifanywa tarehe 16 Aprili tu. Mkubwa wa mji aliyeona kwamba kamio jipya lina bei kubwa, na ahesabu sasa.

Kwetu Congo, sheria ya mwaka 1961 iliweka INSS, ambayo leo ni CNSS, isaidie watu wanaoumizwa na kazi. Lakini msaada hufuata karatasi. Mtu ambaye jina lake halikupelekwa, au ambaye ajali yake haikuandikwa, mjane wake atazunguka maofisini mpaka viatu viishe. Wafanyakazi, ulizeni mapema kama mmeandikwa. Msingoje siku ya damu.

Mwajiuliza labda, sisi tusio makatibu tufanye nini? Ajali ikitokea, waokoeni watu kwanza, lakini mmoja asimame mbali akiangalia ukingo, maana udongo ulioanguka mara moja huweza kuanguka tena juu ya waokoaji. Kisha mahali pale paachwe kama palivyo. Nimeona mara nyingi watu wakifagia, wakikusanya vyombo na kumwaga maji juu ya damu, kwa heshima. Na pamoja na damu wanafuta habari. Waulizeni walioona siku ileile, kila mmoja peke yake, maana wakikaa pamoja usiku mmoja wote watasema maneno ya mtu mkubwa. Asiulize kapita mwenyewe. Na anayeuliza aseme wazi kwamba hatafukuza mtu kwa kusema kweli, tena alishike neno lake. Ikiwa wa kwanza kusema kweli anafukuzwa, wa pili atasema tu, "Sikuona, bwana."

Komine ile ilibadili mambo matatu. Toroli ya udongo wa juu inahesabiwa sawa na toroli ya changarawe. Ukingo hukatwa kwa ngazi, na kila ngazi haipiti kimo cha kiuno cha mtu. Na kuna mlinzi wa shimo, ambaye hukagua kabla ya watu kuingia, hasa baada ya mvua, naye ana amri ya kukataza kazi hata kama kapita amekasirika.

Mlinzi huyo ni yule mgonjwa wetu. Hutembea kwa fimbo. Jirani aliyekimbia amerudi nyumbani kwake, lakini kwa shangazi wa marehemu hawasalimiani bado. Mwezi uliopita nilipita kwenye shimo, akanionyesha daftari lake. Mwandiko wake si mzuri, lakini nilisoma ukurasa wa mwisho: "Jumanne. Mvua usiku. Mawe mawili yameanguka upande wa mto. Watu hawakuingia mpaka saa nne."