ThinkPad: Laptopu Nyeusi Iliyovuka Ruvuma

Oktoba 4, 1992 mkataba wa amani ya Msumbiji ulisainiwa Roma. Nilikuwa mtoto wa mkimbizi, nasoma Mtwara. Kesho yake, kule Marekani, IBM ikaitangaza ThinkPad 700C kwa dola 4,350. Hapa Tungue, mtu mwenye fedha hizo angetafuta mashua. Mbunifu wake, Richard Sapper, alichukua umbo la kasha jeusi la chakula la Wajapani. Katikati ya vibonye kikakaa kidude chekundu cha kuongozea mshale, nacho kipo mpaka leo.

Mwaka 2005 Lenovo ya China ilinunua biashara hiyo. Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, ukiletewa yenye nembo ya IBM ujue ni kongwe, hata ing'arishwe vipi. Iwashe bila waya kwanza, uone betri.

Yangu niliinunua Mtwara, mtumba, ikavuka Ruvuma kwa mtumbwi ndani ya mfuko wa nailoni. Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, niliiacha mezani na alama za wanafunzi za miaka minne. Niliporudi, nilikuta meza tu. Wanafunzi wale, sasa watu wazima, bado hunijia kuuliza walipata ngapi.