Ufumaji wa sweta kwa mviringo

Ufumaji wa sweta kwa mviringo ni njia ya kufuma sweta kwa mkono bila mishono ya ubavuni. Kiwiliwili hufumwa kikiwa mrija mmoja na kila mkono mrija wake, kisha mirija hiyo mitatu huunganishwa kwapani na kuendelezwa pamoja hadi shingoni. Maelekezo mengi yaliyochapishwa hutoa vipande bapa vinne (mbele, mgongo na mikono miwili) ambavyo hushonwa pamoja mwishoni. Maelekezo hayo yanaweza kubadilishwa yafae mviringo, na kazi kubwa katika kuyabadilisha ni hesabu za darasa la saba tu.

Historia

Njia hii ni ya zamani. Wavuvi wa visiwa vya Uingereza, kama vile Guernsey na Shetland, walivaa masweta ya sufu yaliyofumwa kwa mviringo. Huko Iceland sweta la lopapeysa, lenye mapambo yanayozunguka mabega, lilienea katikati ya karne ya 20. Mtu aliyeitangaza sana njia hii Marekani ni Elizabeth Zimmermann (1910–1999), mzaliwa wa Uingereza, aliyeandika kitabu Knitting Without Tears (1971). Yeye alipanga vipimo vyote vya sweta kwa asilimia ya vitanzi vya kifuani.

Vifaa na sampuli

Hutumika sindano ya mviringo, yaani ncha mbili zilizounganishwa kwa waya laini. Kwa sehemu nyembamba kama mkono, hutumika sindano nne au tano fupi zenye ncha pande zote mbili.

Kabla ya yote ifumwe sampuli, nayo ifumwe kwa mviringo. Wafumaji wengi hulegeza mkono wanapofuma vitanzi vya kinyume (vile vinavyoonekana kama vifundo upande wa nje), na katika mviringo vitanzi hivyo havihitajiki kwa kitambaa laini. Kwa hiyo mtu aliyepata vitanzi 18 kwa sentimita 10 katika kipande bapa anaweza kupata 19 katika mviringo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini sweta la vitanzi 180 lililokusudiwa kuwa sentimita 100 litatoka karibu 95, na mwenyewe hataweza kulivaa juu ya shati.

Kubadilisha hesabu

Kila mshono humeza kitanzi kimoja kila upande. Kama mbele ina vitanzi 92 na mgongo 92, jumla ni 184. Kwa kuwa mishono ya ubavuni ni miwili, huondolewa vitanzi 4 na kubaki 180.

Kwa kanuni ya Zimmermann, hao 180 ndio asilimia 100. Kiwiko cha mkono, yaani sehemu ya kifundo, huanza na asilimia 20 (vitanzi 36), na mkono huongezwa polepole hadi asilimia 33 (takriban 60). Kwapani hutengwa asilimia 8, yaani vitanzi 14, kila upande wa kiwiliwili, na 14 vingine katika kila mkono. Vilivyotengwa huwekwa kwenye uzi wa akiba. Vinavyobaki huwekwa kwenye sindano moja: 152 vya kiwiliwili na 46 vya kila mkono, jumla 244.

Kuanzia hapo hupunguzwa vitanzi 8 kila mzunguko wa pili, kimoja kila upande wa maungio manne ya mikono na kiwiliwili. Baada ya kupunguza mara 21 hubaki vitanzi 76, yaani 34 mbele, 34 mgongoni na 4 juu ya kila mkono. Shingo ya asilimia 40 ingekuwa 72, hivyo tofauti ni ndogo. Ila mizunguko 42, ikiwa sentimita 10 zina mizunguko 24, ni sentimita 17.5 tu, nayo hubana kwapa la mtu mzima. Ni vema kufuma mizunguko kama 10 bila kupunguza kwanza. Kina kitafika karibu sentimita 22.

Kubadilisha mapambo

Katika kipande bapa mfumaji hugeuza kazi kila mstari. Katika mviringo upande wa nje humtazama daima. Mstari wa upande wa ndani uliosema "vitanzi 3 vya kinyume, 2 vya kawaida" husomwa kutoka mwisho, na kila kitanzi hubadilishwa: 2 vya kinyume, kisha 3 vya kawaida. Mchoro wa miraba ni rahisi zaidi, kwa sababu mistari yote husomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Jumla ya vitanzi lazima igawanyike kwa ukubwa wa pambo. Pambo la vitanzi 12 linaingia mara 15 katika 180, lakini mbele yenye 90 inapata saba na nusu, hivyo pambo halitakaa katikati ya kifua sawasawa na mgongoni. Afadhali kuchagua 168 au 192.

Makosa na mipaka

Wakati wa kuunganisha mzunguko wa kwanza, vitanzi visipinde kuzunguka sindano. Vikipinda, mrija wote hutoka umesokotwa, na hakuna dawa ila kufumua.

Picha kubwa za rangi zinazotumia kibonge tofauti kwa kila eneo hazifai, kwani mzunguko ukiisha uzi hubaki upande wa pili wa eneo lake. Pia mshono una kazi yake: sweta zito la pamba lisilo nao hurefuka kila linapovaliwa. Wengine hufuma safu moja ya vitanzi vya kinyume kila ubavu. Safu hiyo husaidia kulikunja sweta vizuri, lakini haizuii uzito kama mshono halisi.

Mwishoni vitanzi vya akiba vya kwapani huunganishwa kimoja kwa kimoja kwa sindano ya kushonea yenye ncha butu, na matundu madogo yanayobaki kwenye pembe huzibwa kwa mkia wa uzi huohuo.