Namba za Nyaya: Kufundisha Kusoma Mchoro wa Umeme

Katika somo la sayansi, mada ya umeme aghalabu huishia pale balbu inapowaka. Mwalimu huchora betri, swichi na balbu ubaoni. Wanafunzi hunakili, kisha huunganisha vifaa vyao na kushangilia mwanga. Si haba. Lakini mwulize mwanafunzi yule yule kama mchoro wake na vifaa vilivyo mezani ni kitu kimoja, naye huenda akajibu kuwa sivyo, kwa sababu mezani waya umepindapinda na daftarini umenyooka. Ameutazama mchoro kama picha. Mchoro wa umeme hauna haja ya kuonyesha vitu vimekaa wapi. Kazi yake ni kuonyesha nini kimeungana na nini. Katika makala hii tunakusudia kueleza desturi moja ya mafundi iwezayo kumtoa mtoto katika kosa hilo, nayo ni kuzipa nyaya namba. Tutaanza na betri mbili za tochi, kisha tufike kwenye mashine za viwandani, ambako mchoro usio na namba haumfai mtu yeyote.

Kanuni yenyewe ni fupi. Nyaya zote zilizokutana mahali pamoja, hata ziwe kumi, hupewa namba moja. Namba hubadilika pale tu njia inapopita ndani ya kifaa, kama vile swichi, fyuzi, balbu au betri. Tumeona yafaa kuwapa watoto mfano wa kijiji kilicho kando ya mto. Mtu aweza kutembea kutwa nzima, akapita vichochoro vyote, na bado yumo kijijini mle mle. Akivuka mto, ndipo anapoingia kijiji kingine. Kifaa ni kivuko, na waya ni vichochoro. Mwanafunzi aweke kidole chake juu ya waya na kukitembeza. Maadamu hajavuka kifaa, namba ni ile ile.

Tuchukue betri mbili za volti 1.5 kila moja, swichi na balbu mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Kutoka chanya ya betri hadi swichi tunaandika 1. Kutoka swichi hadi balbu ya kwanza, 2. Kati ya balbu hizo mbili, 3. Kutoka balbu ya pili kurudi kwenye hasi, 4. Sasa tuzipange balbu zile zile sambamba. Tunaanza tena na 1, na baada ya swichi 2. Lakini waya wenye namba 2 sasa unagawanyika na kuzifikia balbu zote mbili, nao umebaki kuwa 2. Upande wa pili wa balbu zote ni 3, ambayo inarudi kwenye hasi. Hatuna namba 4.

Hapo ndipo namba zinapoanza kusema. Balbu zilizo sambamba zina jozi moja ya namba: hii ina 2 na 3, na ile ina 2 na 3. Haidhuru moja imechorwa juu na nyingine pembeni kabisa ya karatasi. Mtoto aliyezoea kutambua usambamba kwa kuona mistari miwili inayokwenda pamoja atashindwa mara tu mwalimu atakapougeuza mchoro. Mtoto asomaye namba hatashindwa. Tena, kifaa chenye namba moja pande zote mbili kimerukwa na umeme. Balbu yenye 2 na 2 haitawaka kamwe, na betri ambayo ncha zake zote mbili zina namba 1 imeunganishwa vibaya, nayo itapata moto na kuharibika upesi. Makosa haya mwanafunzi aweza kuyaona kwenye karatasi kabla ya kugusa waya wowote. Twaona hilo ni jambo kubwa, kwani watoto wengi tunaowafundisha watakutana na umeme wa nyumbani mapema kuliko watakavyokutana na kitabu cha fizikia. Wala isisahauliwe kwamba mazoezi yote haya ni ya betri za tochi peke yake. Umeme wa ukutani, wa volti 230, usiguswe darasani kwa sababu yoyote.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: swichi ikiwashwa, pande zake mbili si zimeungana? Mbona zina namba mbili? Swali hili ni zuri, nalo lisipuuzwe. Namba hutolewa kwa kufikiri kwamba swichi yaweza kuzimwa wakati wowote, na ikizimwa pande hizo hutengana. Kivuko ni kivuko hata siku mto ukikauka.

Mwalimu atafanya vema kujua desturi hii inafika wapi, maana wapo wanafunzi watakaoingia ufundi. Zamani mashine za viwandani ziliongozwa kwa makabati yaliyojaa rilei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Kila kanuni ya mashine, kama vile “mota isizunguke mpaka mlango umefungwa”, ilikuwa imo ndani ya nyaya zenyewe. Kubadili kanuni kulikuwa ni kufumua nyaya na kuzifunga upya. Viwanda vya magari viliona adha hiyo kila vilipobadili aina ya gari. Mwaka 1968, kitengo cha Hydra-Matic cha kampuni ya General Motors, huko Marekani, kilitafuta kitu cha kushika nafasi ya rilei. Kampuni ndogo ya Bedford Associates ya jimbo la Massachusetts, ambamo Richard Morley alikuwa miongoni mwa wahandisi, ilitoa jibu, na mwaka 1969 kidhibiti chake kikafika kiwandani. Kiliitwa Modicon 084, kwa kuwa kilikuwa mradi wa 84 wa kampuni hiyo.

Katika kidhibiti cha namna hii, kitufe hakiunganishwi tena na mota. Waya wa kitufe huishia kwenye moduli ya kupokea, na waya unaoiamrisha mota huanzia kwenye moduli ya kutoa. Kinachoviunganisha ni programu iliyomo ndani. Mchorani moduli ni mstatili mrefu wenye safu ya skrubu za kufungia waya, mara nyingi 8, 16 au 32, na kila skrubu ina anwani yake. Mtazamaji haoni tena kitufe kinafanya kazi gani. Ni anwani na namba ya waya ndizo zinazomvusha kutoka kwenye karatasi hadi kwenye programu, na kutoka kwenye programu hadi kwenye waya ulio kabatini. Kwa hiyo mafundi wengi huifanya namba ya waya itokane na anwani yenyewe: waya wa skrubu ya 5 ya moduli ya 1 huitwa, mathalani, 105, na kibandiko chenye namba hiyo huvishwa kwenye ncha zote mbili. Moduli mpya ikiongezwa, hupewa ukurasa wake na namba zake; za zamani haziguswi, kwa sababu vibandiko vyake vimekwisha kufungwa. Mchoro ukisema 105 na kibandiko kikisema 112, fundi aliyeitwa usiku aweza kukata waya wa breki akidhani anakata wa taa.

Hapa kuna faida kwa mwalimu wa hisabati pia. Katika vidhibiti kadhaa, kama PLC-5 ya Allen-Bradley, skrubu huhesabiwa kwa kizio cha nane: baada ya 7 inakuja 10, hadi 17. Skrubu ya 8 haipo, wala haikupotea.

Jambo hili laweza kuigizwa darasani bila gharama. Mwanafunzi mmoja awe kidhibiti, akae nyuma ya meza. Nyuzi nne za katani zenye vibandiko 0 hadi 3 ziende kwa wenzake wanne, ambao ni vitufe. Nyingine nne, 4 hadi 7, ziende kwa wanne walio taa. Ashike kadi iliyoandikwa: “0 na 1 zikivutwa pamoja, vuta 4.” Kitufe huvuta uzi, na taa husimama inapovutwa. Baada ya muda mwalimu ampe kadi nyingine bila kuhamisha uzi hata mmoja. Darasa litaona taa zinatii kanuni mpya huku nyuzi ni zile zile, na katika kipindi kimoja litaelewa tofauti ya rilei na programu. Kisha abadilishe kwa siri vibandiko viwili vya vitufe, upande wa kidhibiti tu, awaache wanafunzi watafute kosa kwa mchoro.

Kipindi kinachofuata kiwe cha betri na balbu tena. Kila kundi lichore sakiti yake na kuipa namba, halafu makundi yabadilishane karatasi. Kundi liunganishe mchoro wa wenzao kwa kufuata namba peke yake, na waliouchora wakae kimya mpaka balbu iwake au ikatae.