Akiba ya Lazima ya Uzeeni na Haki ya Mkatwaji Kuuliza

Kila mwisho wa mwezi, katibu wa chama cha msingi chenye watumishi wa kuajiriwa huandika katika orodha ya mishahara safu moja ambayo aghalabu haiulizwi na mtu: mchango wa hifadhi ya jamii. Karani, mlinzi na mpima mazao hupokea mishahara iliyokwisha kupunguzwa, nao huambiwa kuwa kilichopunguzwa ni chao na watakipata uzeeni. Mwaka 2018 wafanyakazi wengi wa Tanzania waliuliza maswali mawili juu ya safu hiyo: tutapata kiasi gani, na ni nani aliyeulizwa kabla hesabu haijabadilishwa? Yafaa wanaushirika wayaelewe maswali hayo, kwa kuwa nao huishi na makato ya lazima, na nao ni waajiri.

KWA NINI AKIBA HII NI YA LAZIMA

Akiba ya lazima ya wafanyakazi ilianzishwa nchini kwa sheria ya mwaka 1964, iliyounda Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi. Mfanyakazi alichanga, mwajiri alichanga, na siku ya kustaafu mfanyakazi alilipwa fedha zake zote kwa mara moja. Mpango huo ulikuwa mwepesi kueleweka, lakini ulikuwa na udhaifu mkubwa. Bei zilipopanda katika miaka ya 1980, akiba ya miaka mingi ilipoteza nguvu ya kununua. Na aliyeishi muda mrefu baada ya kustaafu alimaliza fedha kabla ya kumaliza maisha. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 1997 iliugeuza kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, unaolipa pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa uhai.

Katika NSSF mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Katika Mfuko wa watumishi wa umma, PSSSF, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 15. Sababu za kulazimisha ni mbili. Kwanza, kijana huuona uzee kuwa mbali, na mahitaji ya leo hayampi nafasi ya kuweka. Pili, mwajiri asiyelazimishwa hatatoa fungu lake. Kwa hiyo ulazima wenyewe si dhuluma. Jambo la kujadiliwa ni nani anayeweka masharti ya fedha hizo, na kwa idhini ya nani.

HESABU YA KIKOKOTOO

Kikokotoo ni kanuni ya kupata mafao ya mstaafu. Kina sehemu tatu, na kila mchangiaji anaweza kuikokotoa mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Sehemu ya kwanza ni kima cha pensheni ya mwaka: miezi aliyochangia, igawanywe kwa 580, izidishwe kwa wastani wa mshahara wake wa mwaka. Sehemu ya pili ni fungu la pensheni hiyo litakalotolewa kwa mkupuo siku ya kustaafu. Sehemu ya tatu ni namba 12.5, na hiyo ndiyo huwachanganya wengi. Maana yake ni kwamba mstaafu huuza fungu lile la pensheni kwa Mfuko kwa bei ya miaka 12 na nusu. Kila shilingi 1 ya pensheni ya mwaka anayoiacha, hulipwa shilingi 12 na senti 50 papo hapo.

Tuseme mtumishi amechanga miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Pensheni yake kamili ya mwaka ni shilingi 7,448,276. Akipewa mkupuo wa asilimia 33, atapokea shilingi 30,724,138 kwa mara moja, kisha shilingi 415,862 kila mwezi. Akipewa asilimia 40, mkupuo utakuwa shilingi 37,241,379, na pensheni ya mwezi itashuka hadi 372,414. Anayepewa asilimia 40 amepata shilingi 6,517,241 zaidi mkononi, na kila mwezi amepoteza 43,448. Tofauti hiyo husawazika baada ya miezi 150, ambayo ndiyo miaka 12 na nusu. Atakayeishi zaidi ya hapo atakuwa amefaidika zaidi kwa mkupuo mdogo. Atakayefariki mapema, au mwenye nyumba ya kumalizia na watoto shuleni, ataona heri mkupuo mkubwa.

MABISHANO YALIVYOKUWA

Kabla ya mwaka 2018 mifuko ilikuwa mingi na kila mmoja ulikuwa na kanuni zake. Wanachama wa PSPF na LAPF walikokotolewa kwa kugawanya kwa 540, walipata nusu ya pensheni kwa mkupuo, na bei ya kuuza ilikuwa miaka 15.5. Wa NSSF na PPF walikuwa na 580, asilimia 25 na 12.5. Sheria ya mwaka 2018 iliunganisha PSPF, PPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF, iliyoanza kazi tarehe 1 Agosti 2018, na kanuni zilizofuata ziliwaweka wote katika asilimia 25.

Malalamiko yakawa makubwa. Wakuu wa mifuko walieleza kwamba mkupuo umepungua lakini pensheni ya mwezi imeongezeka. Maelezo hayo yalikuwa kweli, ila hayakutosha. Mtumishi yule wa miaka 30, kwa kanuni ya zamani ya PSPF, angepata mkupuo wa shilingi 62,000,000 na pensheni ya 333,333 kwa mwezi. Kwa asilimia 25 angepata mkupuo wa 23,275,862 na pensheni ya 465,517. Nyongeza ya kila mwezi ni 132,184, na ingehitaji zaidi ya miaka 24 kufidia upungufu wa mkupuo. Aliyestaafu na miaka 60 angefikia usawa akiwa na miaka 84. Sababu ni kwamba namba zote tatu zilibadilishwa, hali mjadala ulitaja namba moja tu.

Ni haki kueleza pia upande wa pili. Mfuko unaolipa zaidi ya unachokusanya hauna budi kufilisika, na hasara huwaangukia vijana wanaochanga leo. Mfuko wa PSPF ulibeba mzigo wa watumishi waliofanya kazi kabla ya mwaka 1999 bila kuchangia, na Serikali ilikuwa haijaulipa mzigo huo. Baadaye Serikali ilitoa hati fungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipunguza deni hilo. Hata hivyo deni hilo halikuwa la mstaafu, na hapo ndipo uchungu wa wafanyakazi ulipokuwa.

Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko, akaagiza kanuni za zamani za kila mfuko ziendelee hadi mwaka 2023. Julai 2022 ilianza kanuni moja ya asilimia 33 kwa wote, baada ya mazungumzo ya Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Malalamiko hayakwisha, na katika bajeti ya mwaka 2024/2025 mkupuo ulipandishwa: asilimia 40 kwa waliokuwa na 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa na 25.

Jambo la namna hiyo lilikuwa limetokea hapo awali. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyozuia mchangiaji kuchukua akiba yake kabla ya umri wa kustaafu. Wafanyakazi wa migodini, ambao mkataba wao huweza kukoma wakiwa na miaka 35, waliona kuwa wameambiwa wangoje miaka 20 huku watoto wao wana njaa. Suala likarudishwa Bungeni mwaka huohuo. Mara mbili, basi, masharti yaliyowekwa kabla ya wenye fedha kuelewa yalirejeshwa mezani.

HAKI YA KULALAMIKA NA MIPAKA YAKE

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na ibara ya 20 uhuru wa kukutana na kujiunga na wengine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 85, inakwenda mbali zaidi: inawaruhusu wafanyakazi kusitisha kazi kwa ajili ya kutetea masilahi yao ya kiuchumi na kijamii, hata kama hawagombani na mwajiri wao. Masharti yake ni kwamba hatua hiyo iitishwe na chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa au shirikisho. Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii lipewe taarifa yenye sababu na muda wa hatua hiyo. Siku 30 zipite. Na taarifa ya kuanza itolewe siku 14 kabla. Walio katika huduma muhimu hawaruhusiwi, na watumishi wa umma wana sheria yao ya majadiliano ya mwaka 2003.

Mlango huo ni mwembamba, na mfanyakazi asiye na chama hawezi kuupita. Lakini upo. Pasipo mlango wa kulalamika, mchango wa lazima haungekuwa na tofauti kubwa na kodi, hali wote wanakubali kuwa ni mali ya mchangiaji.

FUNZO KWA VYAMA VYA USHIRIKA

Wanaushirika wanalijua jambo hili kwa uzoefu. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali, mali iliyotokana na makato ya wakulima ikahamia mikononi mwa wengine, na vyama hivyo havikurudi hadi sheria ya mwaka 1982. Mwanachama anayesimama katika mkutano mkuu akauliza makato ya kila kilo ni ya nini, analinda kilichopotea siku zile. Basi mtumishi wa chama naye aruhusiwe kuuliza.

Ipo pia hatari iliyo karibu zaidi kuliko kikokotoo. Pensheni ya uzeeni huhitaji michango ya miezi 180 isiyopungua. Mlinzi aliyetumikia chama miaka 16 ana miezi 192. Ikiwa chama kilimkata lakini hakikupeleka michango ya miezi 20, daftari la Mfuko litaonyesha miezi 172, naye hatapata pensheni ya mwezi mpaka deni lilipwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni la katibu.

Kwa hiyo makatibu wanakumbushwa mambo manne:

1. Mchango uliokatwa upelekwe kwa wakati, pamoja na fungu la chama. Fedha hizo si za kununulia magunia wala za kuazima wakati wa msimu.

2. Kila mtumishi apewe taarifa ya michango yake walau mara moja kwa mwaka, ailinganishe na hati zake za mshahara.

3. Kanuni ya mafao ikibadilika, isomwe na kukokotolewa mbele ya watumishi kwa mfano wa mshahara wao halisi, namba zote tatu zikitajwa.

4. Swali au lalamiko la mtumishi liandikwe katika kumbukumbu za mkutano na lijibiwe kwa maandishi. Anayeuliza asihesabiwe kuwa mkorofi.

Mkulima asiye na mwajiri halazimishwi kuchangia. Anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari, naye afanye hesabu kama ilivyoelezwa hapa kabla ya kutia sahihi.