Mtarajiwa wa Udaktari na Njia ya Pili

Mwanafunzi wa Gataka, katika Kaunti ya Kajiado, anayetamani udaktari hukabiliwa na mlango mwembamba. Tangu mwaka 2014, KUCCPS imekuwa ikigawa nafasi za vyuo vikuu zinazofadhiliwa na serikali kwa kuzingatia alama za kundi la masomo. Kwa udaktari, kundi hilo ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Baadhi ya vyuo vya binafsi huongeza mahojiano, na hapo swali hujitokeza: usipochaguliwa, utafanya nini?

Wengi hudhani kwamba kutaja njia nyingine ni kukiri udhaifu wa nia. Dhana hiyo haina mashiko. Mpango wa pili hudhihirisha iwapo mtu amekielewa anachokipenda. Anayependa kumhudumia mgonjwa anaweza kusomea uuguzi au kazi ya afisa wa kliniki kwa stashahada ya miaka 3 katika KMTC, chuo kilichoanzishwa mwaka 1927 na chenye tawi Loitokitok, katika kaunti iyo hiyo. Anayependa dawa ana famasia. Anayependa kinga ana afya ya umma. Apendaye heshima ya cheo pekee hatapata mbadala popote.

Kwa hiyo, anayejaza machaguo yote kwa udaktari huikabidhi bahati hatima yake. Nasi wapenzi wa Kiswahili tukumbuke kuwa mgonjwa husikilizwa kwa lugha kabla ya kuandikiwa dawa.