Warsha ya Wakalimani wa Viziwi: Fundisha Kungoja

Yumkini umewahi kusimama mbele ya wenzako kazini ukawaeleza jambo: namna ya kutunza mashine, au hesabu za chama cha ushirika. Sasa chukulia kwamba umeombwa kuongoza warsha katika mkutano wa wakalimani wa lugha ya alama, watu ambao kazi yao ni kuyapokea maneno ya msemaji na kuyafikisha kwa kiziwi kwa mikono na uso, kisha kuyarudisha ya kiziwi kwa sauti. Hadhira hiyo si kama nyingine. Neno likipotea ukumbini, wao ndio wa kwanza kuliona pengo.

Taaluma yao yenyewe ina deni kwa warsha. Mwezi Juni 1964, katika chuo cha ualimu cha Ball State mjini Muncie, jimbo la Indiana, Marekani, watu waliokutana kujadili ukalimani wa viziwi waliondoka wamekwisha kuunda chama chenye daftari la wakalimani. Kabla ya hapo kazi hiyo aghalabu ilifanywa bure na watoto wa viziwi, walimu na wahubiri, kwa hisani tu. Na mwaka 2005 mji wa Worcester, Afrika Kusini, ulipokea mkutano wa wakalimani hao kutoka pande nyingi za dunia.

Utawafundisha nini basi? Kwa rai yangu, wafundishe kungoja.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba mkalimani hodari ni yule anayemfuata msemaji unyounyo. La hasha! Mmarekani Dennis Cokely alichapisha mwaka 1986 uchunguzi wake juu ya jambo hilo, akaonyesha kwamba wakalimani waliobaki nyuma ya msemaji kwa sekunde 2 walifanya makosa zaidi ya mara mbili ya wale waliobaki nyuma kwa sekunde 4. Mwenye haraka huchukua maneno kabla maana haijafika.

Fanya zoezi la zahanati. Mmoja awe daktari, naye aseme: “Dawa uliyokuwa ukinywa kila asubuhi na kila jioni, kuanzia leo acha.” Mkalimani mwenye papara atakuwa amekwisha kuonyesha dawa, asubuhi, jioni, neno la mwisho linamkuta mikono imo safarini. Mama mjamzito aliyekaa mbele yake ameona dawa ya kutwa mara mbili. Akiendelea kuinywa, atalaumiwa nani? Rudia zoezi hilo mara tatu, nne, usilione dogo. Wenye uzoefu watachukia kungoja, maana ukimya wa mikono huonekana kama kutojua.

Ukumbi nao una adabu zake. Msemaji asisimame mbele ya dirisha lenye jua, kwani uso wake utakuwa kivuli. Viti vipangwe nusu duara ili kila mtu amwone mwenziwe. Ukionyesha picha, nyamaza kwanza. Kiziwi hawezi kuitazama picha na kumtazama mkalimani kwa wakati mmoja, ingawa sisi wenye kusikia hufanya yote mawili bila kufikiri. Wakalimani wako wawe wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi, maana akili huchoka kabla ya mikono. Wape maelezo yako jana yake. (Kuhusu mavazi, wengi wamezoea kusikia kwamba mkalimani avae nguo nyeusi. Ushauri huo wamfaa mwenye ngozi nyeupe. Mikono myeusi huonekana vizuri zaidi juu ya nguo ya rangi nyepesi isiyo na maua.)

Lakini lililo kubwa ni kuwa na viziwi ndani ya warsha, tena si kama wageni wa heshima. Tarehe 10 Desemba 2013, katika uwanja wa mpira mjini Johannesburg, wakati wa kumbukumbu ya marehemu Nelson Mandela, mtu mmoja alisimama kando ya wasemaji akipunga mikono mbele ya dunia nzima. Wengi wenye kusikia waliona kazi inafanyika. Viziwi waliokuwa wakitazama televisheni ndio waliolalamika siku ileile kwamba ishara zile hazikuwa na maana.

Kwa hiyo zoezi la zahanati lisisahihishwe na wewe, wala na mkalimani mkongwe kuliko wote. Mwite mshiriki kiziwi, mwulize mbele ya watu wote ameelewa nini: dawa anywe, ama aache?