Treni ya Mizigo Haisimami kwa Gunia Kumi



Msimu uliopita vijana watano wa hapa Gongoni walinifuata na swali: "Afisa, kwa nini tunamuuzia dalali mpunga kwa bei ya kutupa wakati reli ipo hapa hapa Tabora?" Nikawaambia sawa, tupeleke Dar kwa treni. Sikupiga hesabu kwanza, kosa ni langu. Wote watano walikuwa na gunia 62. Behewa moja hubeba takribani tani 40, yaani gunia 400 za kilo 100. Wakarudi kwa dalali wamechelewa wiki tatu, bei imeshuka zaidi.

Mji wetu umekua kwa kusafirisha mizigo. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kama miezi mitatu hadi Bagamoyo, kila mmoja na kilo 30 hivi begani. Mwaka 1912 Reli ya Kati ikafika Tabora, na behewa moja likabeba mzigo wa wapagazi zaidi ya 1,300. Baadaye reli ikachoka. Injini zikawa chache, mafuriko ya upande wa Kilosa yakawa yanaikata njia, mizigo ya bandarini ikahamia kwenye malori.

Sasa inafufuka. Njia ya Dar hadi Isaka imekarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwaka 2018 mabehewa ya mizigo ya Uganda yalianza tena kutoka bandari ya Dar, yanapita hapa Tabora hadi Mwanza, kisha yanavushwa ziwani na meli ya MV Umoja mpaka Port Bell. Juni 2025 SGR nayo ikaanza kubeba mizigo kutoka Dar hadi Dodoma. Kipande cha Makutupora hadi Tabora mkataba wake ulisainiwa Desemba 2021.

Yaani mzigo wa Uganda unapita mlangoni kwetu, wa kwetu unabaki ghalani. Wenzetu wanakuja na mzigo wa kujaza behewa, sisi kila mtu na gunia zake kumi.

Sasa tufanye hivi:

1. Unganisheni mzigo kupitia AMCOS au kikundi. Andikishaneni gunia kabla ya kuvuna, sio baada.

2. Kausheni vizuri. Mzigo wa treni unaweza kukaa siku kadhaa njiani na stesheni. Mpunga usizidi unyevu wa asilimia 14. Karanga mbichi zikifungiwa zinapata sumukuvu, na hapo umepoteza zote.

3. Acheni lumbesa. Nauli ya mzigo inakwenda kwa uzito, na sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100.

4. Tafuteni mnunuzi kwanza. Treni inaishia stesheni, kwa hiyo wekeni kwenye hesabu gari la kumalizia safari na wapakuaji.

5. Fikirieni na mzigo wa kurudi. Mbolea inashukia bandarini Dar. Kikundi kinachouza pamoja kinaweza kuagiza mbolea pamoja.

Wale vijana watano hawakunikimbia. Mwaka huu ndio wanaoshika daftari la kuandikisha. Mpaka jana jioni tumefika gunia 287. Bado 113.

Kama una mpunga na uko Gongoni au kata za jirani, njoo uandike jina.